Maswali yenu: Saiti ipi ya kuchambulia hisa?

Wapendwa, tangu tuanze kugusia mambo ya hisa kwenye safu hii maswali yamekuwa mengi na karibu yote yanazunguka palepale, nitumie saiti gani, nilipie ipi, niamini ipi. Nimechagua machache ambayo yanabeba na ya wengine, barua ndefu nimezifupisha. Na niseme mapema kabisa, hapa simwambii mtu anunue hisa gani, tunaongelea vyombo vya kuchambulia tu.

SWALI: Shikamoo dada. Kuna kampuni nimeifuatilia kitambo nataka kununua hisa zake. Sasa hizi saiti za kupanga hisa kwa madaraja, Morningstar wameipa nyota 2 kati ya 5, Zacks wameipa namba 1 ambayo kwao ndo nunua kabisa, Value Line wao wameipa 3. Hawa wote ni wataalam na kampuni ni hiyohiyo moja, inakuwaje? Muongo ni nani na mimi nimfuate nani?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hakuna muongo hapo. Shida ni kwamba hao watatu hawajibu swali moja, kila mmoja ana swali lake na wewe umeyasoma majibu kama vile wameulizwa kitu kimoja.

Anza na Zacks. Wao kikubwa wanachoangalia ni jinsi wachambuzi wanavyobadilisha makadirio yao ya faida, yaani wiki hizi wachambuzi wakianza kusema hii kampuni itapata faida zaidi ya tulivyodhani mwanzo basi daraja linapanda, wakishusha linashuka. Na muda wanaouongelea ni mfupi, mwezi 1 mpaka 3 hivi. Hawakuambii kama bei ni ghali wala kama kampuni itakuwepo miaka 15 ijayo, hilo sio swali lao.

Value Line, ambao wapo tangu 1931 enzi za karatasi, wana hisa kama 1,700 wanazozifuatilia na ile namba yao ya kwanza ya 1 mpaka 5 (1 ndo bora) inazilinganisha zenyewe kwa zenyewe, ipi itafanya vizuri kuliko mwenzake ndani ya miezi 6 mpaka 12. Angalia vizuri hapo kwenye kulinganisha. Wanaopewa 1 ni 100 tu na wanaopewa 2 ni 300, siku zote, hata soko lote likiwa linaporomoka bado kutakuwa na hisa 100 zenye namba 1. Kwa hiyo 3 ya kampuni yako maana yake ipo katikati ya kundi, basi, sio kwamba ina ugonjwa.

Morningstar nao kwenye hisa wanafanya kitu kingine kabisa, wanakadiria thamani ya kampuni kutokana na fedha wanazoamini itazalisha miaka mingi ijayo, halafu wanaweka lile kadirio pembeni ya bei ya leo. Bei ikiwa chini sana ya kadirio nyota zinaongezeka, ikizidi zinapungua. Sasa unganisha mwenyewe, kampuni inaweza ikawa na faida zinazopanda kila robo mwaka, wachambuzi wanapandisha makadirio kwa furaha, Zacks 1, na kwa sababu hiyohiyo watu wameikimbilia mpaka bei imepita thamani, Morningstar nyota 2. Vyote viwili kweli kwa wakati mmoja!

Kuna mtego mwingine hapohapo Morningstar ambao nakuomba uushike, maana nimeona watu wazima wanauingia. Nyota za hisa na nyota za mifuko ya uwekezaji sio kitu kimoja. Za mifuko zinatazama nyuma, mfuko umefanyaje ukilinganisha na wenzake wa aina yake ukihesabu na hatari iliyobeba, asilimia 10 ya juu wanapata nyota 5 na asilimia 10 ya chini wanapata nyota 1, na mfuko usiofikisha miaka 3 haupati kitu. Za hisa zinatazama mbele. Mtu akikwambia "hii ina nyota 5" muulize kwanza ni nyota za nini. Halafu pia kuna kampuni ambazo Morningstar hawana mchambuzi wa kuzifuatilia, daraja linatolewa na kompyuta tu na huwa wanaliwekea alama ya kuonyesha hivyo, sio baya ila ujue hakuna binadamu aliyekaa akasoma ripoti ya hiyo kampuni.

Kwa hiyo unamfuata nani, inategemea wewe unataka kushika hizo hisa kwa muda gani. Kama ni miaka 10, ile namba ya Zacks haina kazi kwako, itabadilika mara kibao kabla hujauza. Kama unanunua uuze miezi miwili mbele basi kadirio la thamani ya miaka mingi halitakuokoa. Ushauri wangu, kabla hujafungua saiti yoyote andika kwenye karatasi nashika kwa muda gani na kitu gani kikitokea nauza, ukishaandika utaona vyombo vingine vinajiondoa vyenyewe.

SWALI: Mhariri habari za kazi, mimi nauliza kitu kidogo tu, P/E (bei ya hisa ukigawa kwa faida ya hisa moja) ya kampuni moja saiti ya kwanza inasema 20 ya pili 24 ya tatu 30, siku hiyohiyo bei hiyohiyo. Ipi ni sahihi??

JIBU: Zote zinaweza kuwa sahihi, na swali lako sio dogo hata kidogo, mi naliona ndo swali kubwa kuliko yote ya leo.

Chukua hisa ya bei 120. Faida kwa hisa moja kwa miezi 12 iliyopita kwa mujibu wa hesabu rasmi ni 4, gawanya unapata 30. Ila kampuni yenyewe ikatoa na faida "iliyorekebishwa", yaani imeondoa kwenye hesabu gharama za kufunga kiwanda na malipo ya hisa kwa wafanyakazi, ikapata 5, hiyo ni 24. Halafu wachambuzi wanakadiria mwaka ujao itapata 6, hiyo ni 20. Umeona? Kampuni moja, bei moja, na hakuna aliyekosea kugawanya. Kilichobadilika ni faida ipi wamechukua. Saiti nzuri inakwambia ni ipi, kwa kawaida ukigusa jina la kipimo au alama ndogo pembeni yake maelezo yanatokea. Saiti isiyosema imechukua faida ipi mimi siitumii kwa kulinganisha kampuni, hata iwe na rangi nzuri namna gani.

Na wakati mwingine hata ile rasmi yenyewe inapotosha. Berkshire Hathaway, kampuni kubwa ya uwekezaji ya Marekani, mwaka 2022 walitangaza hasara ya karibu dola bilioni 22.8, wakati biashara zao zenyewe, bima, reli, umeme na nyinginezo, ziliingiza faida ya uendeshaji ya kama bilioni 30.8. Sababu ni kanuni ya uhasibu iliyoanza 2018 Marekani inayotaka kupanda na kushuka kwa bei za hisa wanazozimiliki kuingie moja kwa moja kwenye faida, hata kama hawajauza hata moja. Skrina yako, yaani chombo cha kuchuja hisa, ingeitupa nje kwa kuwa haina faida. Mashine haijui, inachuja ulichoiambia ichuje.

Kampuni za nje zinazouzwa Marekani kwa cheti kinachowakilisha hisa zao nazo ziangalie, mfano cheti kimoja cha TSMC, watengenezaji wa chipu wa Taiwan, kinabeba hisa 5 za kawaida na kampuni inatoa hesabu zake kwa dola za Taiwan, kwa hiyo anayehesabu lazima azidishe hisa na abadilishe fedha, akisahau kimoja P/E inatoka ya ajabu. Ukikuta kampuni ya nje ina P/E ya 2 au ya 150 wakati wenzake wapo 20, usikimbilie kununua wala kukimbia, anzia hapo kukagua.

Sasa unakagua wapi, kwenye chanzo. Karibu kampuni zote zilizoorodheshwa Marekani zinapeleka ripoti kwa SEC, mamlaka ya masoko ya hisa ya huko, na zinawekwa kwenye EDGAR, hifadhi yao ya mtandaoni, bure, huhitaji hata akaunti. Andika jina, tafuta 10-K ndo ripoti ya mwaka, 10-Q ndo za robo mwaka, 8-K ni matukio makubwa ya katikati. Kuna na sehemu ya kutafuta neno ndani ya ripoti zenyewe kuanzia za 2001, hiyo watu wengi hawaijui na ni hazina, unaweza kuandika jina la mteja mkubwa wa kampuni ukaona anatajwa na nani na nani. Kampuni za nchi nyingine, tafuta ripoti ya mwaka kwenye tovuti yake yenyewe sehemu ya wawekezaji. Mara ya kwanza utachoka, ripoti ya kurasa 150 sio mchezo, lakini hutafuti kusoma yote, unatafuta namba moja uliyoiona kwenye saiti uone kama ipo na imetoka mstari gani. Fanya hivyo kwa kampuni mbili tatu unazozijua na utajua haraka saiti ipi iko makini na ipi inababaisha.

SWALI: Dada mimi nina mtaji mdogo tu ndo naanza. Naona matangazo ya hizi huduma za kulipia kila nikifungua simu. Nilipie au za bure zinatosha?

JIBU: Piga hesabu kwanza mpendwa. Mtaji ukiwa 1,000 na ada ya huduma ni 200 kwa mwaka, tayari umeshaondoa asilimia 20 kabla hujanunua hisa hata moja, na hiyo ada utailipa tena mwakani. Hakuna chombo cha kuchambulia kitakachokurudishia asilimia 20 kila mwaka, asikudanganye mtu. Mtaji wa 100,000 ada hiyohiyo ni asilimia 0.2, hapo tunaweza kuongea.

Kwa anayeanza za bure zinatosha na kubaki. Yahoo Finance kwa bei, habari na hesabu za miaka michache ya karibuni, Finviz kwa kuchuja hisa za Marekani kwa vigezo unavyotaka (ya bure bei zake zinachelewa kidogo, kwa mtu wa muda mrefu haina shida), TradingView kama unapenda chati, na EDGAR kwa uhakika. Hivyo vinne vinabeba kazi kubwa kabisa.

Kitu ambacho matangazo hayakwambii ni kwamba saiti nyingi hazikusanyi data zenyewe, zinanunua kwa wauzaji wachache wakubwa kama S&P, FactSet, LSEG na Morningstar. Koyfin na Simply Wall St kwa mfano zote zinachukua data kutoka S&P. Kwa hiyo ukilipia saiti mbili ili "kuhakikisha" namba, inawezekana umelipia namba ileile mara mbili, moja imevaa chati na nyingine imevaa michoro ya rangi. Ukitaka kuhakikisha rudi kwenye ripoti ya kampuni.

Lini ulipie? Ukifika mahali kuna kitu mahususi unakihitaji kila wiki na bure hakipo, mfano hesabu za miaka 20 nyuma badala ya 4 au 5, au kuchuja kampuni za nchi nyingi kwa pamoja, au unataka kusoma hoja za mchambuzi na sio daraja lake tu. Ukiweza kukitaja hicho kitu kwa sentensi moja basi lipia. Kama unalipia kwa sababu unahisi wenzako wanaona kitu usichokiona, subiri kwanza. Na ukichukua majaribio ya bure weka alamu kwenye simu siku mbili kabla hayajaisha, maana ukishaweka kadi watakata wenyewe.

SWALI: Kuna saiti na apu zinaonyesha wawekezaji wakubwa wamenunua nini na mimi nanunua hichohicho. Naona ni njia rahisi kuliko kusoma mahesabu. Unaionaje?

JIBU: Nikuulize, unajua wamenunua lini? Hizo data nyingi zinatoka kwenye fomu inaitwa 13F ambayo mameneja wa uwekezaji wanaosimamia hisa za dola milioni 100 au zaidi wanaipeleka SEC kila robo mwaka, na wanaruhusiwa kuchelewa mpaka siku 45 baada ya robo kuisha. Aliyenunua mwanzoni mwa Januari anaweza kutangaza katikati ya Mei. Miezi minne na zaidi! Na pengine ameshauza. Tena fomu haionyeshi dau za kuuza hisa za kuazima, yaani za kutegemea bei ishuke, kwa hiyo unachokiona kama imani kubwa kwa kampuni kinaweza kuwa upande mmoja wa mpango wenye pande mbili, na upande wa pili hauonekani.

Manunuzi ya wakurugenzi wa kampuni yenyewe ni habari yenye uhai zaidi, yale yanatakiwa kuripotiwa ndani ya siku 2 za kazi kwa Form 4. Hata hapo tofautisha mkurugenzi aliyetoa fedha mfukoni akanunua sokoni na aliyepewa hisa kama sehemu ya mshahara, apu nyingi zinawaweka kapu moja. Tumia orodha hizo kupata majina ya kuchunguza, sio majina ya kununua.

SWALI: Napenda sana makala za wachambuzi mtandaoni, hasa zile zinazoeleza kampuni ndogo zisizojulikana. Nitajuaje mwandishi amelipwa?

JIBU: Wasiwasi wako una msingi. Aprili 2017 SEC walitangaza hatua dhidi ya watu na makampuni 27 kwenye kesi za makala za kusifia hisa zilizochapwa kwenye saiti za uwekezaji kana kwamba ni uchambuzi huru, kumbe waandishi walilipwa na hawakusema. Kampuni ndogo ndo uwanja wao, maana hisa zikiwa chache sokoni makala moja inatosha kusogeza bei.

Na usifikiri wa benki kubwa ni malaika. Mwaka 2003 makampuni 10 makubwa ya fedha ya Wall Street, kitovu cha fedha cha Marekani, yalikubali kulipa kama dola bilioni 1.4 kumaliza mashtaka kwamba wachambuzi wao walisukumwa na idara zilizokuwa zinatafuta biashara kwa kampuni zilezile wanazozichambua. Kanuni zimebana tangu hapo, hata hivyo "nunua" bado ni nyingi kuliko "uza" mpaka leo.

Mimi makala naisoma kutoka chini. Kule mwisho ndo kuna tamko kama mwandishi anamiliki hizo hisa na kama amelipwa. Halafu naangalia kama ameeleza nini kinaweza kuharibika, makala nzima ikiwa haina hatari hata moja naifunga. Pia angalia alichoandika miaka mitatu minne nyuma kuhusu kampuni nyingine, saiti kama Seeking Alpha inaweka orodha ya makala za kila mwandishi, ni kazi ya dakika chache na inakuonyesha mengi.

SWALI: Nimechuja hisa zenye gawio kubwa, nikapata moja ya asilimia 14! Niingie?

JIBU: Usiingie bado. Skrina nyingi zinachukua gawio lililolipwa mwaka uliopita na kuligawa kwa bei ya leo. Bei ikianguka mpaka nusu, ile asilimia ya gawio inajidabo yenyewe, na mara nyingi bei imeanguka kwa sababu soko linaona gawio litakatwa. Au lilikuwa gawio maalum la mara moja, wameuza tawi wakagawa fedha. Fungua taarifa ya mtiririko wa fedha uone kama fedha inayobaki baada ya matumizi ya mitambo inalifikia hilo gawio. Kampuni za majengo ya kupangisha zina kipimo chao kingine cha faida, kwa hiyo usizihukumu kwa P/E, na benki nazo usizipime kwa mtiririko wa fedha kama kiwanda.

SWALI: Sis, AI za kuchati zinaweza kuchukua nafasi ya hizi saiti zote?

JIBU: Kwa kuelezea, zinasaidia kweli. Ukiipa ripoti yenyewe ukaiuliza maelezo fulani ya uhasibu yana maana gani, itakufafanulia vizuri na haikuchoki. Ila ukiiuliza kwa kichwa tu "faida ya kampuni fulani mwaka fulani ilikuwa ngapi" inaweza kukupa namba nzuri iliyonyooka ambayo haipo popote duniani, na itakupa kwa ujasiri uleule inaokupa ya kweli. Iambie ikuonyeshe ukurasa, kisha ufungue huo ukurasa kwa mkono wako.

SWALI: Nimetafuta hisa kwa jina kwenye apu nikaikuta, ila bei haifanani kabisa na ninayoisikia kwenye habari. Apu mbovu?

JIBU: Yaelekea umefungua kampuni nyingine. Usitafute kwa jina, tafuta kwa alama yake ya sokoni na uhakikishe na soko lenyewe. Machi 2020 watu walipoanza mikutano ya mtandaoni walikimbilia hisa yenye alama ZOOM wakidhani ndo ile kampuni ya video, kumbe hiyo ilikuwa Zoom Technologies, kakampuni kadogo kasichohusiana kabisa, ile ya video alama yake ni ZM. Bei ilipaa mpaka SEC wakasimamisha biashara ya hiyo hisa. Kwa hiyo kabla hujalaumu apu, linganisha alama, jina kamili na fedha inayotumika, na kama vyote vitatu vinafanana halafu bei bado haifanani, angalia kama kampuni imegawanya hisa zake karibuni, mfano NVIDIA waligawa 1 kuwa 10 Juni 2024 na bei ya hisa moja ikashuka kwa kiwango hichohicho bila mtu kupoteza kitu.